Fomu za duka la mtandaoni kwa wateja wa nje: uiachie mashine, ununue plagini, au umtafute mtafsiri?

Vyondo sita nilivyonunua kwa mama mmoja wa Kariokor vilikwenda Leipzig na vikarudi Nairobi. Kwenye lebo ya boksi kulikuwa na jina la mteja, jina la barabara, msimbo wa posta, mji na nchi. Nambari ya nyumba haikuwepo. Nilipomwandikia mteja kumwomba radhi, alinijibu kwa upole kwamba nambari aliijaza, tena mahali tulipomwambia aijaze. Nikafungua fomu yetu kwa Kijerumani, kama alivyoiona yeye. Kisanduku cha kwanza cha anwani kilisema Straße, yaani barabara. Cha pili, ambacho kwetu ni cha nambari ya fleti, plagini ya tafsiri, yaani programu ndogo tuliyoipachika kwenye duka, ilikuwa imekipa jina la Nummer. Mbele yake kulikuwa na barabara na nambari, naye akajaza barabara na nambari. Alikuwa sahihi kabisa. Programu yetu ya kuchapisha lebo ilikuwa ikichukua mstari wa kwanza tu.

Tangu hapo nimeacha kuweka tafsiri ya fomu kapu moja na tafsiri ya duka. Maelezo ya bidhaa mteja huyasoma, akaelewa kiasi, akatazama picha, akaamua. Fomu ni maswali, na kila swali lina jibu linalokurudia. Jibu hilo ndilo linalobandikwa kwenye kifurushi, ndilo linalosomwa na mtu wa kaunta pale Posta Kuu ya Kenyatta Avenue, na ndilo watu wa forodha wa Ujerumani wanaloliamini. Ukiuliza vibaya, utajibiwa vibaya na mtu mwenye nia njema.

Nimetumia njia tatu kuu kwa duka letu, na nimewasaidia wenzangu wawili wanaouza kikoi na vinyago vya mawe ya Kisii kuchagua yao. Ninazipima hapa kwa kipimo hicho kimoja: ni majibu gani yanarudi.

Kumwachia mteja na kivinjari chake

Maduka mengi ya hapa Nairobi yako katika njia hii bila wenyewe kukusudia. Duka ni la Kiingereza, mteja wa Lyon analifungua kwa Chrome, Chrome inajitolea kutafsiri, anakubali. Hulipi chochote. Kwa mtu anayezunguka dukani kutazama bidhaa, inatosha, na sioni sababu ya kuidharau.

Shida huanza kwenye fomu. Chukua orodha ya kuchagua, kwa mfano ile ya aina ya usafirishaji. Kila chaguo linatakiwa kuwa na thamani yake iliyofichwa ndani ya programu ya ukurasa, ambayo haibadiliki hata lugha ikibadilika. Kama fundi wako hakuiweka, kinachotumwa kwenye seva ni maandishi yenyewe yanayoonekana. Kivinjari kikishayageuza kuwa Kifaransa, seva yako inapokea neno isilolijua, na oda inakataliwa au inaingia ikiwa na pengo. Tena, maduka yaliyojengwa kwa React, zana ya mafundi ya kujengea kurasa, yanaweza kukwama kabisa, kwa sababu kivinjari kinapotafsiri hubadilisha vipande vya ukurasa ambavyo React inadhani bado viko kama ilivyoviacha. Mteja anabonyeza kitufe cha kulipa, ukurasa unakuwa mweupe.

Halafu kuna barua pepe. Oda ikishapokelewa, uthibitisho unakwenda kwa Kiingereza, kwa sababu kivinjari hakikuwa na habari na barua pepe yako. Mteja aliyesoma kila kitu kwa Kifaransa anaanza kujiuliza kama amelipa mahali pale pale.

Lililonisumbua mimi zaidi ni kwamba sikuweza kuona alichokuwa akikiona mteja. Mama mmoja wa Ubelgiji alinipigia simu akinisomea ujumbe wa kosa uliokuwa umemkwamisha, na sikuweza kuutambua ni upi kati ya ujumbe wetu. Tulizunguka hapo dakika ishirini, akachoka.

Ukiamua kubaki kwenye njia hii, basi fundi wako afanye mambo matatu. Ukurasa ujitangaze kwa usahihi ni wa lugha gani. Majina kama kiondo na kikoi yawekewe alama ya `translate="no"`, ili mashine isiyaguse. Na kila kisanduku cha fomu kipewe alama ya `autocomplete` inayosema kama ni jina la ukoo, msimbo wa posta au simu. Alama hizo hazina lugha. Simu ya mteja inazisoma na kujaza anwani yake mwenyewe mahali panapofaa, hata kama maandishi ya juu yametafsiriwa ovyo. Hilo la tatu ni la kufanywa hata ukichagua njia nyingine, na ndilo ninaloliona limesahaulika kuliko yote.

Plagini ya tafsiri ya mashine

Hapa angalau duka lenyewe lina lugha ya pili, na wewe unaweza kuifungua ukaiona. Kwa Shopify, huduma ya kukodi duka la mtandaoni, programu yao ya Translate & Adapt ni ya bure na hutafsiri kwa mashine hadi lugha mbili; nyingine unazijaza kwa mkono. Kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake ya duka, TranslatePress inakupa lugha moja ya ziada katika toleo la bure, na unahariri ukiwa unautazama ukurasa wenyewe. Weglot ni rahisi kuliko zote kuianzisha, na sehemu yake ya bure inaishia kwenye maneno 2,000 na lugha moja. WPML haina toleo la bure, yaani ni lazima ununue leseni. Polylang ina toleo la bure, lakini kuiunganisha na WooCommerce unalipia nyongeza.

Kuna tofauti moja ambayo ukurasa wa bei hauitaji kwa sauti. TranslatePress, WPML na Polylang huhifadhi tafsiri zako ndani ya duka lako. Weglot huzihifadhi kwenye seva zake na kuzileta ukurasa unapofunguliwa. Kama biashara yako ina miezi ya njaa, kama yetu ya kuanzia Januari hadi Machi, fikiria itakuwaje mwezi ambao hutaweza kulipa.

Sasa, ubora. Watu husema tafsiri ya mashine imekuwa nzuri siku hizi, na kwa sentensi ndefu wanasema kweli. Aya inayoeleza kikapu cha mkonge kilichosukwa kwa mkono inatoka ikisomeka. Lakini fomu haina sentensi ndefu. Ina neno moja, limesimama peke yake, halina jirani wa kulisaidia. Neno la Kiingereza State linaweza kuwa jimbo au hali. Kwenye fomu yetu ya Kijerumani lilitoka Zustand, yaani hali, kana kwamba tunamuuliza mteja anajisikiaje. Kinachotakiwa hapo ni Bundesland, na kwa kweli Mjerumani haandiki jimbo kwenye anwani hata kidogo. Order ilitoka kwa Kiswahili ikiwa amri. Clear, kitufe cha kufuta ulichoandika, kilitoka wazi. Company kwa Kifaransa ilitoka compagnie, ambayo Mfaransa anaielewa lakini hajawahi kuiona kwenye fomu. Yeye amezoea société au entreprise.

Unaweza kusahihisha, na plagini zote nilizozitaja zinakuruhusu. Ila angalia unachokifanya: ukisahihisha kila lebo, kila kitufe na kila ujumbe wa kosa, umeshafanya kazi ya mtafsiri, na bado unailipa mashine.

Kuna mahali plagini haifiki. Ukurasa wa kulipia kwa kadi mara nyingi ni wa kampuni ya malipo, si wako. Mteja anatoka kwenye duka la Kijerumani, anaangukia ukurasa wa Kiingereza unaotaka nambari ya kadi yake. Ni hapo ambapo mtu mwangalifu hufunga dirisha. Kabla ya kununua plagini yoyote, iulize kwanza kampuni yako ya malipo kama ukurasa wao una lugha unayoitaka na kama duka linaweza kuwaambia lugha ya mteja. Na kama fomu yako bado inatanguliza M-Pesa, irudishe chini kwa mteja wa nje. Mtu wa Lyon hana laini ya Safaricom, na kitu cha kwanza anachokiona kwenye malipo kisiwe kitu asichoweza kukitumia.

Jambo la mwisho hapa ni la faragha. Plagini za aina hii hutuma maandishi ya ukurasa kwenye seva ya nje ili yatafsiriwe. Ukurasa wa akaunti ya mteja una jina lake, anwani yake na alichonunua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ulaya wana yao iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Zizuie kurasa hizo zisitumwe. Mpangilio huo upo, ni wa kuutafuta tu.

Faili za lugha na mtu wa kuzijaza

Njia hii watu huiogopa kwa sababu ya jina. WooCommerce, kama programu nyingi za WordPress, ina faili la maandishi yake yote, kila sentensi ya Kiingereza na nafasi ya tafsiri chini yake. Faili hizo huishia na herufi PO. Unazifungua kwa programu ya bure iitwayo Poedit, au ukiwa ndani ya duka lenyewe kwa plagini ya bure ya Loco Translate. Ni kama daftari lenye safu mbili.

Uzuri wake ni kwamba huanzi na karatasi tupu. Watu wa kujitolea duniani kote wameshatafsiri sehemu kubwa ya WooCommerce kwa lugha kubwa, na kifurushi chao kinashuka chenyewe ukichagua lugha. Kijerumani kina vifurushi viwili: Deutsch, ambacho kinamwita mteja kwa du, kama rafiki, na Deutsch (Sie), kinachomwita kwa heshima. Mashine haitakuuliza swali hilo, itachanganya. Mjerumani akiona du kwenye kisanduku kimoja na Sie kwenye kingine, anajua hapa hakuna mtu aliyesoma. Sisi tulichagua Sie, kwa sababu wanunuzi wetu wengi ni watu wazima wanaonunua zawadi, na heshima haijawahi kumfukuza mteja.

Kilichobaki kwa mtafsiri ni yale uliyoyaongeza wewe: maelezo chini ya visanduku, masharti ya kurudisha bidhaa, ujumbe wa makosa wa kanuni zako, barua pepe za oda. Kwetu hayo yote yaliingia kwenye kurasa tatu. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wasiogope gharama. Kumlipa mtu atafsiri duka zima ni mzigo. Kumlipa atafsiri fomu ni kazi ya siku moja au mbili, na unamlipa mara moja.

Nani huyo? Nairobi haina uhaba. Kuna waliosoma Goethe-Institut na Alliance Française hapo katikati ya mji, kuna walimu wa Kiarabu, kuna wanafunzi wa lugha wa vyuo vikuu. Lakini nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: umewahi kuagiza kitu mtandaoni ukiwa nchi hiyo? Mtafsiri wetu wa kwanza alikuwa na Kijerumani kizuri cha vitabuni, na akaandika maneno sahihi ambayo hakuna duka la Kijerumani linayatumia. Wa pili ni dada aliyeishi Ujerumani miaka mingi akinunua viatu vya watoto kwa simu. Yeye alipofika kwenye kitufe cha mwisho alisimama akasema hiki hakiruhusiwi kuandikwa hivi.

Alikuwa na haki. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2012, sheria yao ya kiraia (siku hizi ni kifungu cha 312j) inataka kitufe cha kuagizia kiseme wazi kwamba kukibonyeza ni kukubali kulipa. Maneno yanayojulikana ni zahlungspflichtig bestellen, yaani agiza kwa wajibu wa kulipa. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kinachopimwa ni maneno yaliyo kwenye kitufe chenyewe, si maelezo yaliyokizunguka. Duka linalowalenga wanunuzi wa Ujerumani likiandika tu thibitisha, mteja anaweza kudai kwamba hakufungwa na mkataba. Plagini ilikuwa imetutafsiria vizuri kabisa neno ambalo halikufaa.

Kuna kitu kingine ambacho mtu anakiona na mashine haikioni. Kwenye faili za PO utakuta alama ya `%s`, ambayo ni nafasi ya neno litakaloingizwa na programu. Sentensi ya Kiingereza inasema `%s` ni lazima kujazwa, na programu inaweka jina, anwani au mji kadiri ya kisanduku kilichoachwa wazi. Ukitafsiri kwa Kiswahili «%s inahitajika», anwani itakubali, lakini utapata pia «jina inahitajika» na «mji inahitajika». Ngeli zetu hazisameheani: jina linahitajika, mji unahitajika. Kifaransa nacho kina requis kwa nom na requise kwa adresse. Dawa ni kuigeuza sentensi isitegemee neno linaloingia: «Tafadhali jaza: %s». Tumeipeleka dawa hiyo kwenye lugha zote, na ujumbe wote wa makosa ukasomeka kama umeandikwa na mtu.

Kasoro ya njia hii ni uangalizi. Programu ikipata toleo jipya, sentensi mpya huingia zikiwa Kiingereza, na hakuna atakayekuambia. Weka siku katika mwezi ya kufungua fomu kwa kila lugha na kuipitia.

Kwa anayetaka kuziona njia zote tatu kwa pamoja:

| | Kivinjari cha mteja | Plagini ya mashine | Faili na mtafsiri |
|---|---|---|---|
| Lebo fupi | za kubahatisha | za kubahatisha, unaweza kurekebisha | za uhakika |
| Ujumbe wa makosa | huoni alichoona mteja | wakagua mwenyewe | umeandikwa na mtu |
| Barua pepe ya oda | hubaki Kiingereza | hutegemea plagini na malipo yake | hufuata lugha ukiipanga |
| Gharama | hakuna | kila mwezi au kila mwaka | mara moja, kisha marekebisho madogo |
| Kazi yako | karibu hakuna | wiki ya kusahihisha | kumtafuta mtu, na uangalizi wa kila mwezi |

Lugha ikishapatikana, bado kuna nchi

Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi, maana hakuna njia kati ya hizo tatu inayolitatua peke yake. Kifaransa cha Lyon na Kifaransa cha Goma ni lugha moja, anwani mbili tofauti. Mtu wa Lyon ana nambari, barabara, na msimbo wa posta wa tarakimu tano unaotangulia jina la mji. Mtu wa Goma anakupa avenue, quartier na commune, na nambari ya simu anayoitegemea kuliko vyote. Ukimlazimisha huyu wa pili kujaza msimbo wa posta, ataandika chochote ili apite.

Umoja wa Falme za Kiarabu hauna misimbo ya posta. Uingereza wanachanganya herufi na tarakimu, kama SW1A 1AA, kwa hiyo kisanduku kinachokubali tarakimu tu kinaifungia nje Uingereza nzima. Wajerumani huandika nambari ya nyumba baada ya barabara, Wafaransa kabla yake. Wajapani huanza na jina la ukoo, na anwani yao inatoka kwenye kubwa kwenda kwenye ndogo, msimbo wa tarakimu saba ukiongoza. WooCommerce inajua mengi ya haya: ukibadilisha nchi, visanduku vinajipanga upya, na kwa Japani jina la ukoo linatangulia. Lakini inafanya hivyo tu kama fundi wako hakuifumua fomu ya asili akajenga ya kwake. Nimeona fomu nyingi nzuri kwa macho zilizofumuliwa hivyo, zenye kanuni ya simu inayotaka tarakimu kumi zinazoanza na 07. Nambari ya kimataifa inaweza kufika tarakimu 15 na huanza na alama ya kujumlisha. Kanuni hiyo moja, iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa Rongai, inamzuia kila mteja wa nje anayeandika nambari yake kwa mfumo wa kimataifa.

Sifuri za mwanzo nazo zina hila yake. Sisi wa 00100 tunaijua: ukifungua orodha ya oda kwenye Excel, inabaki 100. Misimbo ya Massachusetts na New Jersey huanza na sifuri pia, kwa hiyo kifurushi cha Cambridge, 02139, kinaondoka Nairobi kikiwa na tarakimu nne. Mwambie fundi msimbo wa posta ni maandishi, si hesabu.

Kwa Kiarabu fomu nzima inageuka, inaanzia kulia. Ila barua pepe na simu zinabaki kuanzia kushoto. Fomu iliyogeuzwa yote kwa pamoja inamchanganya hata aliyezaliwa na lugha hiyo. Na fikiria jibu linalorudi: ukimuuliza mtu wa Muscat kwa Kiarabu, atakuandikia anwani yake kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyomkaribisha afanye. Fomu za forodha za posta, zile za CN22 na CN23, zinataka Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubaliwa kule kifurushi kinakokwenda, na boksi lazima lisomwe na watu wa hapa kwanza. Kwa hiyo weka juu ya anwani mstari mmoja wa Kiarabu chenye adabu unaomwomba aandike kwa herufi za Kilatini. Mstari huo una thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya bidhaa. Ndivyo ilivyo pia kwa Japani.

Na herufi zenye alama: ingiza Straße na Łódź kwenye fomu, kisha uchapishe lebo. Ikitoka na alama ya kuuliza katikati, tatizo lako liko kwenye programu ya lebo, na hakuna mtafsiri atakayekusaidia.

Mahali pa kodi panataka maneno yaliyopimwa pia. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya euro 22 kuanzia tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasitisha msamaha wa ushuru wa vifurushi vya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mteja anayegongewa mlango akadaiwa pesa asizotarajia huona umemdanganya. Sentensi inayosema nani atalipa ushuru ikae juu ya kitufe cha kulipa, na iandikwe na mtu. Sentensi hiyo sikubali itoke kwenye mashine bila mtu kuipitia, hata duka likiwa dogo namna gani.

Kiswahili chetu wenyewe

Wengi hutafsiri kwenda Kijerumani na Kifaransa wakasahau kwamba Arusha na Mwanza ni wateja wa nje. Wakikumbuka, huwapa Watanzania fomu ya Nairobi. Sisi tunasema nambari ya simu, wao namba ya simu. Sisi tuna kaunti na wadi. Wao wana mkoa, wilaya na kata. Mtanzania akiulizwa kaunti yake ataelewa kwamba fomu haikuandikwa akiwa akilini. Kifurushi cha Kiswahili kikae kimoja, kwa Kiswahili cha wote, halafu lebo za anwani zibadilike kwa nchi.

Saa pia. Ukimwandikia mteja wa Moshi kwamba mzigo utafika saa 4, hajui kama ni saa nne yake ya asubuhi au ni saa kumi ya jioni iliyosomwa kwenye simu. Andika «saa nne asubuhi (10:00)», maneno na tarakimu pamoja.

Uchague lipi

Kama unauza nje mara moja kwa mwezi, baki na kivinjari cha mteja, weka zile alama tatu, na urekebishe kanuni za simu na msimbo wa posta. Pesa ya plagini ipeleke kwenye boksi imara zaidi.

Kama bidhaa zako ni mamia na zinabadilika kila wiki, plagini ya mashine ina kazi yake kwenye maelezo ya bidhaa, kwa sababu hakuna mtafsiri wa kukimbizana na wewe. Lakini izuie isiiguse fomu. Fomu ijazwe kwa faili za lugha na mtu uliyemlipa. Mchanganyiko huu ndio tunaoutumia sisi, na ndio niliowashauri wenzangu wa kikoi.

Kama uko Shopify, faili za PO hazikuhusu, ila unaweza kuifuata akili ile ile: usiitumie tafsiri ya mashine kwa maandishi ya malipo, ujaze kwa mkono ndani ya Translate & Adapt, ukiwa na mtafsiri kando yako.

Lugha ngapi? Anza na moja. Fungua oda zako za mwaka uliopita, hesabu nchi, na utazame zile zilizoachwa kwenye kikapu. Kwetu Kijerumani kilikuwa mbele kwa mbali, na Kifaransa kilisubiri mwaka mzima bila hasara.

Kazi ikiisha, mtafute mtu mmoja anayeishi kule, akuagizie kitu kidogo kwa anwani yake ya kweli, akitumia simu yake mwenyewe. Mwombe akosee kwa makusudi mara mbili: aache kisanduku kimoja wazi, na aandike msimbo wa posta usiokuwepo, halafu akupigie picha ya alichoambiwa. Oda ikiingia, usiitazame kwenye kompyuta. Ichapishe lebo, umpe kijana wa bodaboda anayekupelekea mizigo Posta, na umwombe akusomee nambari ya nyumba.